Matunda kwenye Uzio wa Kinyozi

Nyumbani kwa mtaalamu wa mimea, akianza tu habari za chavua, mume alikumbuka gari halijaoshwa, na watoto wote wakashikwa na usingizi. Aliyebaki mezani ni mdogo wa mtaalamu mwenyewe, muuza maua, mkono shavuni, akiuliza hili na lile. Ndiyo maana alimpenda kupita kiasi. Nani asiyependa kusikilizwa?

Basi akamweleza yote. Kwamba ule mmea wa kigeni unaotambaa kwenye nyuzio za mji mzima hauzai mbegu. Maua yake ni ya namna mbili, na moja bila ya pili ni tasa. Mjini ilikuwepo namna moja tu, ikienea kwa vipande vya shina vinavyotupwa ovyo. Ya pili aliiweka kazini, kwenye chumba cha wavu chenye kufuli, apime zingezaa kiasi gani zikikutana. Zilizaa kama wazimu. Ndege wakizionja mbegu zile, wangezimwaga mpaka kijitoni, na kimti kimoja cha asili kilichobaki pale peke yake, kinachochipua kwa kubembelezwa, kingefunikwa kikafa.

"Zisikutane nje, mdogo wangu," alisema. "Zikikutana tumekwisha."

Alipojifungua kitinda mimba, chumba kilihitaji wa kumwagilia. Akampa mdogo wake ufunguo. Sasa angempa nani, mpita njia?

Mwaka uliofuata, akipita kwa kinyozi, aliona matunda ya manjano kwenye uzio. Akapasua moja kwa kucha. Mbegu tele, ngumu, zimekomaa.

Kinyozi akatoka, mkasi mkononi. "Umeupenda? Mdogo wako ndiye kaniuzia. Anasema wewe mwenyewe umeuthibitisha. Nikaona kama ni wewe, sina wasiwasi."

Mtaa mzima, kwa macho yake sasa, ulikuwa wa manjano.

Alimkuta mdogo wake kibandani, anafunga shada.

"Umechukua mmea wangu kwenye chumba cha wavu."

"Vijiti viwili vitatu tu, dada."

"Si nilikwambia zisikutane?"

"Ulinambia. Ila wateja wanataka wenye matunda." Akakata utepe kwa meno. "Bila wewe ningejuaje nipande upi na upi?"

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeshukuru. Hapo ndipo maini yalipokatika. Angechukua kwa kutojua, angesamehewa. Ujinga una dawa. Kumbe zile jioni zote za mezani alikuwa kazini. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini nguo hii dada mtu aliishona mwenyewe, tangu mama yao alipofariki akamlea.

Hakumtukana. Alirudi kwa kinyozi, akamwomba radhi, akaung'oa mmea kwenye uzio wake mpaka mizizi. Kisha akateremka kijitoni. Miche ya mmea ule wa kigeni ilikwisha kujaa chini ya kile kimti, mingine imeanza kukikwea. Akapiga magoti, akang'oa, akang'oa, na kila alipogeuka akaona mingine.

Simu ikalia. Mdogo wake.

"Dada, kinyozi anadai nimrudishie pesa. Kwa nini unaniharibia jina?"

Mtaalamu akakaa kwenye tope pale pale, akalia kama aliyefiwa.