Nyanya Niliyemzika kwa Kichina

Nilikuwa mwaka wa pili nikijifunza Kichina katika chuo kimoja mjini Migori nilipomuua nyanya yangu. Nilifanya hivyo jukwaani Homa Bay, kwenye mashindano ya hotuba kwa Kichina. Nilisimulia habari za mwanamke wa Sindo aliyenilea kwa kuanika omena, dagaa wa ziwani, akafariki kabla hajaniona nikihitimu. Jaji mmoja alipangusa macho. Nikashika nafasi ya pili.

Yote yalikuwa kweli isipokuwa kifo.

Mwalimu wetu, msichana kutoka China ambaye hakunizidi sana umri, alikuwa ameisahihisha hotuba hiyo mara nne. Mara ya mwisho alinipa pole. Nami nikasema asante.

Likizo ilipofika nilikuwa Sindo na nyanya, tukigeuza omena juu ya neti, mwalimu akashuka kwenye pikipiki. Alikuwa amebeba maua meupe na pakiti ya majani ya chai. Akanisalimu, kisha akaniomba kwa Kichina nimpeleke kaburini.

Nyanya alikuwa ameshainuka, akijifuta mikono kwa leso. "Mgeni anasema nini?" akaniuliza kwa Kijaluo.

Mwalimu akamtazama, akanigeukia. "Huyu ni nani?"

"Nyanya yangu."

"Yule wa hotuba?"

Nikainamisha kichwa.

Hakunikaripia. Alimpa nyanya chai kwa mikono miwili. Maua aliyashusha kando ya mguu, kama mtu anayeficha kitu, mpaka nyanya mwenyewe akayaomba na kuyatia kwenye jagi la plastiki. Tulikula ugali na samaki. Mwalimu alisifu chakula kwa Kiswahili chake kidogo, nyanya akacheka kwa furaha.

Alipoondoka nilimweleza nyanya kila kitu. Akarudi kwenye omena, akazigeuza kwa muda mrefu.

"Ulinizika wapi?"

"Hapa, Dani," nikasema, nikimwita nyanya kwa Kijaluo. "Karibu na ziwa."

"Kwangu ni Kisegi," akasema. "Babu yako amezikwa kule."

Muhula ulipoanza mwalimu hakulitaja jambo lile. Alisahihisha kazi zangu kama za wengine, ila hakuniuliza tena habari za nyumbani.

Siku hizi nafundisha Kichina mimi mwenyewe. Mwanafunzi akiniletea hotuba ya msiba, nasahihisha sarufi tu. Sina uso wa kumuuliza kama ni kweli.