Nguzo Nne Chini ya Ngoliba

Kiwanda nilichofanyia kazi Thika kilipofungwa, mwenzangu Wafula aliniuliza kuhusu mgodi wa shaba ulioachwa zamani chini ya shamba la shangazi yangu, kule Ngoliba. Yeye aliwahi kuchimba dhahabu kwao magharibi, na aliamini kuna mawe yenye shaba yaliyosalia.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, tulitoka Ruiru kwa pikipiki yake. Tulibeba nyundo, kamba, tochi na kofia ngumu mbili. Baada ya mashamba ya mananasi, ardhi ilikauka, na tulifika tukiwa wekundu kwa vumbi.

Shangazi Wanjiru alitupa uji kwanza.

"Mkipata kitu mniambie," alisema. "Msipopata, pia mniambie."

Saa nne tuliingia mgodini. Kuta zilikuwa zimechongwa hadi jiwe tupu la kijivu. Popo walitupita usoni. Hatua kama sitini ndani tulikuta chumba kipana chenye nguzo nne za mwamba, kutoka sakafuni hadi darini. Wafula alimulika moja. Ilikuwa na mishipa ya kijani ya shaba, na ndani yake kitu cha manjano kikang'aa.

"Si tutoe moja tu?" alisema. " Ziko nne."

Sitaficha, nilikubali. Wafula aligonga mara moja. Kokoto zikamwagika juu ya kofia yangu. Tulipotulia kusikiliza, tukasikia juu yetu mdundo wa polepole: du, du, du.

"Ni nini hiyo?" aliuliza.

"Shangazi anatwanga mahindi."

Wafula alirudisha nyundo ndani ya gunia.

Nje, tulipima kwa kamba umbali uleule kutoka mdomo wa mgodi. Nguzo ile ilikuwa chini ya jikoni kabisa. Nilimweleza shangazi yote, hata kwamba tuligonga.

"Marehemu mzee wangu alikuwa anasema tumekalia mali," alisema. "Kumbe ndiyo imetushikilia."

Mchana kutwa tulihamisha jiko na kitanda chake hadi kibanda cha upande wa pili wa shamba, kisha tukaziba mdomo wa mgodi kwa mawe na miiba. Tulirudi Ruiru jioni, mikono mitupu.

Nilidhani wachimbaji wa zamani waliisahau shaba ile. Sasa najua waliiona vizuri kuliko sisi, wakaiacha ili watoke wakiwa hai.