Kitabu Walichokisikia Karakanani

Zamani kitabu kimoja cha kutisha kilisomwa na mdomo mmoja na karakana nzima ikatetemeka pamoja. Siku hizi kila mtu anatishika peke yake, kwenye simu yake, kisha anabonyeza nyota na kujifunika shuka.

Vifungo aliziishi nyakati zote mbili. Jina hilo alipewa karakanani, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuzungushia uzi matundu ya vifungo, na lilimganda hata marehemu mkewe akawa anamwita hivyo. Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja, meza ya kukatia katikati, na kwenye kona iliyojaa joto alisimama mpiga pasi, waliyemwita Makaa. Baada ya chakula cha mchana cherehani zilinyamaza. Ulikuwa wakati wa kazi za mkono: mapindo, kola, vifungo. Hapo mkata nguo aliweka mkasi chini, akafuta miwani kwa ncha ya shati na kufungua kitabu. Huyo walimwita Redio, maana sauti yake ilifika kila pembe na hakuna aliyejua pa kuizima.

Sheria ilikuwa moja. Anayesoma hashoni, na kazi yake wanagawana wanaosikiliza. Hawakuandikiana mkataba. Leo ukimwambia mtu amshonee mwenzake pindo ili asomewe hadithi, atakuuliza umekunywa nini.

Walimpenda mwandishi mmoja tu, yule wa visa vya mizimu na majini, ambaye vitabu vyake viliuzwa hata kwenye meza za wauza sigara. Na kila mmoja alikuwa na neno lake juu yake.

“Jini gani hili linabisha hodi?” Makaa aliguna. “Hilo si jini, ni mkusanya kodi.”

“Ruka hayo mambo ya kushikana mikono,” mwenye karakana alimhimiza Redio. “Tufikishe makaburini.”

“Mwangalieni Vifungo!” mwingine akadakia. “Matundu yake leo yamepinda. Bwana we, mzimu umekushika kiwiko?”

Vifungo alicheka nao. Alikuwa mwoga kuliko wote, na wakati huo hakujua kusoma hata jina lake. Alichokijua juu ya vitabu kilipitia masikioni.

Kitabu kilichomwingia zaidi kiliitwa Aliyerudi na Tope. Mtoto anatumbukia kisimani, wanamzika, kisha siku moja anarudi mlangoni kwa mama yake, miguu imejaa tope. Redio alisoma kwamba mtoto hakutaka kuingia. Mama akaleta beseni, akamwosha miguu palepale kizingitini, kidole kwa kidole, akamwita kwa jina la utotoni. Mtoto akamwomba asimwachie tena taa usiku, kwa sababu aliko hakuna giza. Akaondoka na miguu yake misafi. Siku hiyo Makaa alisahau pasi juu ya koti la mteja mpaka likatoa moshi, na mwenye karakana, ambaye angeweza kumtukana mtu kwa uzi uliopotea, alilikunja tu koti lile na kuliweka kando.

Kisha nguo zilizoshonwa tayari zikajaa madukani, karakana ikafungwa, kila mtu akaenda kivyake. Vifungo alijifundisha kusoma uzeeni, kutoka kwenye magazeti makuukuu ambayo karakanani waliyakata kwa umbo la nguo kuwa vipimo. Habari nyingi alizisoma zikiwa zimekatika kwapani au shingoni, akamalizia mwenyewe. Alihamia chumba cha uani nyumbani kwa mwanawe. Mkwewe alimheshimu, chakula kilikuja kwa wakati, wajukuu walimwamkia wakiwa na nyaya masikioni na kuondoka kabla hajaitikia. Alikosa kitu kimoja tu, mtu wa kuzungumza naye.

Ndiyo maana aliposoma tangazo kwenye mlango wa duka la vitabu, kwamba wasomaji wa mwandishi yule wangekutana Jumamosi kutoa maoni yao, alisimama pale mpaka mwenye duka akamuuliza kama anaumwa.

Jumamosi alivaa shati la kola ngumu. Akakuta viti vya plastiki vimepangwa duara na vijana wamekaa, kila mmoja na simu mapajani. Aliyeongoza alikuwa binti mfamasia, mpole, mwenye kupenda kila mtu apate nafasi.

“Mimi nimempa nyota tatu,” alisema kijana mmoja. “Anachelewa kuanza. Mzimu wenyewe unatokea katikati ya kitabu.”

“Mimi sikuogopa kabisa,” akasema mwingine. “Nilikisoma huku nakula.”

“Nyota unampa nani, mwanangu?” Vifungo aliuliza. “Anazipokelea wapi?”

Wakacheka, naye akacheka. Kwa muda mfupi alijiona yuko karakanani. Binti mfamasia akasema, “Haya babu, zamu yako. Wewe umependa kipi?”

Akawaeleza. Mtoto mlangoni, beseni, miguu kidole kwa kidole, taa. Alisema kwamba kwa maoni yake mwandishi yule hakuwa mtishaji tu. Alijua kwamba mtu humwogopa maiti wake kwa sababu anatamani arudi. Alikuwa ameyabeba maneno hayo miaka mingi bila wa kumpa.

Yule wa nyota tatu akauliza, “Babu, hiyo iko ukurasa gani?”

“Ukurasa siujui. Iko pale mtoto anaporudi.”

“Pale mtoto anamshika mama yake nywele, anamburuta mpaka kisimani. Wanazama wote. Kitabu kinaisha.”

“Hapana. Mimi nimekisikia chote.”

“Umekisikia?” Mmoja akaziba mdomo. “Babu kaitunga yake! Tumpe yeye nyota tano.”

Hawakuwa na ubaya. Lakini Vifungo alishuka ngazi za duka lile akiwa ameinama kuliko alivyopanda. Binti mfamasia alimfuata, akampa kitabu chake. “Kisome, babu. Jumamosi ijayo utuonyeshe hapo mahali.”

Alikisoma kitandani, kidole kikitembea chini ya maneno. Beseni halikuwamo. Miguu haikuoshwa. Kulikuwa na nywele, kucha na maji meusi. Alirudi nyuma, akadhani kurasa zimegandana. Alikifunga, akakaa anatazama ukuta, na hapo ndipo alipokumbuka jambo ambalo wote walilijua na hakuna aliyelitaja: Makaa alikuwa amerudi kazini siku ileile, kutoka kumzika mwanawe aliyezama mtoni. Redio aliona mbele ukurasa unakoelekea. Akainua macho, akaendelea kusoma kitu kisichokuwepo.

Basi kuna kitabu ambacho hakuna duka linalokiuza. Waliokisikia wamebaki wachache, na Vifungo alitaka mmoja tu aje naye Jumamosi, akae kwenye kiti cha plastiki, awaambie wale watoto: kweli, kilisomwa hivyo. Ili yeye Vifungo asionekane mzee anayeweweseka.

Redio aliishi kwa binti yake, ng’ambo ya mji. Binti alimwamkia, akamwingiza sebuleni. Redio alikuwa kitini, miwani ileile ya kufuta kwa shati. Na mezani, akinyoosha shati la Redio kwa pasi ya umeme, alikuwa Makaa.

“Yuko hapa tangu mkewe afariki,” Redio alisema. “Hanisikilizi. Umeme wote wa nyumba ni wake.”

“Pasi hii haina uzito,” Makaa akalalamika. “Ni kama kumpapasa paka. Karibu, Vifungo. Bado unaogopa?”

Walicheka, wakataja waliokufa, wakanywa chai. Mwishowe Vifungo akakitoa kitabu. “Redio, nimekuja kukuuliza. Pale mtoto anaporudi mlangoni...”

Redio alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeweka mkasi mahali pasipokatwa. “Nilisoma kilichoandikwa,” alisema.

Makaa alikuwa ameiegesha pasi. “Ndicho chenyewe hicho? Nimekitafuta miaka.” Akavuta kiti, akakaa karibu, mikono juu ya magoti. “Macho yangu hayaoni tena herufi, na huyu siku hizi sauti imekwisha. Nisomee wewe, Vifungo. Pale pa beseni.”

Vifungo akafungua. Nywele, kucha, maji meusi. Akakohoa. Hakuwahi kumsomea mtu chochote maishani mwake. Akainua macho kidogo juu ya ukurasa na kuanza: mtoto amesimama, miguu ina tope, hataki kuingia. Mama analeta beseni. Anamwosha mguu wa kulia, wa kushoto, anamwita...

“Umeruka,” Makaa akamkatiza. “Kwanza anapima maji kwa kiwiko, yasije yakamchoma.”

Vifungo akatazama ukurasa.

“Chapa mpya hizo,” Redio akajibu kutoka kitini. “Wanabana karatasi. Endelea, bwana.”

Akaendelea mpaka kwenye taa. Makaa alisikiliza macho amefumba, midomo yake ikitangulia maneno. Walipomaliza alisema tu, “Mwandishi yule alikuwa mtu,” kisha akamwambia Vifungo avue shati, kola imekunjamana.

Habari ya Jumamosi Vifungo hakuitaja. Kitabu alimpa mkwewe akirudishe kwa mfamasia, na kwenye duara la viti vya plastiki hakukanyaga tena. Kama waliuliza habari zake, hakuambiwa.

Mara ya mwisho kuwaona wale wawili ilikuwa jioni hiyo ya ziara. Alikuwa amefika getini, shati lingali na joto mgongoni, akageuka kuwapungia. Hawakumwona. Walikuwa dirishani wanabishana, Redio akisema mama yule hakupaswa kufungua mlango, Makaa akimpigia meza kwamba alipaswa, angewezaje asifungue, na Vifungo, aliyekuwa na neno lake juu ya hilo, alisimama kidogo akisubiri wanyamaze, kisha akaondoka.