Baiti Mbili za Ng'wandu

Eliana Mughwai alikuwa na miaka ishirini na sita alipotia sahihi karatasi iliyomfukuza kazi muuguzi ambaye hakuwahi kumwona. Alisaini asubuhi, akiwa amesimama, kwa kalamu aliyoazima kwa bosi wake.

Ulikuwa mwaka 2007. Eliana alikuwa mtoto wa mkulima wa alizeti wa Mwankoko, wa kwanza katika ukoo wao kusomea kompyuta. Kazi aliipata kwenye kampuni binafsi, moja ya zile zilizochipuka mjini Singida baada ya serikali kuwaachia watu binafsi biashara. Kampuni hiyo ilitunza kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati tatu za tajiri mmoja: Mandewa, Manyoni na Itigi. Kila zahanati ilikuwa na kompyuta yake ya kuhifadhia. Jina likiandikwa Manyoni, lilitumwa kupitia ungo wa satelaiti hadi kwenye zile nyingine mbili, ili moja ikiungua kusipotee kitu. Programu ya kutuma na kupokea aliiandika Gasto, mwenye kampuni, na alipenda kuwaambia wageni kwamba aliiandika peke yake. Eliana aliajiriwa kuitunza.

Mwezi wa tatu, mwanamke aitwaye Selina alifia kwenye zahanati ya Itigi. Alikuwa mkazi wa Manyoni, ameenda kumsalimia dada yake, akapata homa ya kifua. Muuguzi wa zamu, mama Dorkas, alifungua faili lake kwenye kompyuta, akaona sehemu ya dawa zinazomdhuru iko tupu, akamchoma sindano ya penisilini. Selina alivimba uso, koo likaziba, akafa mbele ya mumewe kabla hata daktari hajafika.

Kumbe wiki mbili nyuma, Manyoni walikuwa wameandika kwenye faili lake: asipewe penisilini.

Gasto alikuja na karatasi iliyokwisha kuchapwa. "Dada Eliana, angalia kama ile taarifa ya Manyoni ilifika Itigi. Tajiri anataka jibu leo."

Eliana aliangalia kompyuta ya Manyoni. Mbele ya jina la Selina paliandikwa: *Itigi imepokea*. Hakuangalia ya Itigi yenyewe, laini siku hiyo ilikuwa imekatika.

"Ilifika," alisema.

"Basi saini hapo."

Karatasi ilisema taarifa ilifika, kwa hiyo muuguzi hakuangalia. Mama Dorkas, mwenye miaka ishirini na miwili kazini, aliondolewa siku iyo hiyo, na baadaye baraza la wauguzi likamnyang'anya leseni. Ezekieli, mume wa marehemu, alimfuata hadi stesheni ya treni akamtemea mate usoni, na watu wakasema amestahili.

Eliana alisikia habari hizo ofisini, akaendelea na kazi zake. Haikumgusa sana. Baadaye hilo ndilo lililomwuma kuliko yote.

Mwezi wa sita, daktari wa Mandewa alipiga simu kulalamika. Wagonjwa wanatoka Manyoni wakiwa na kadi, ila kwenye kompyuta hawamo. Eliana akakaa chini kulitafuta tatizo. Kwanza alidhani ni ungo. Akabadilisha waya, akampigia fundi, akamlaumu fundi. Siku ya nne akaamua kuacha kubahatisha: akaiamuru kompyuta ya Mandewa imwandikie kila kinachoingia, baiti kwa baiti, yaani vile vipande vidogo vya namba ambavyo kompyuta huandikia herufi, kama kilivyo, kabla programu haijakitafsiri.

Akaona uchafu. Ujumbe mmoja unasomeka vizuri, wa pili vizuri, halafu ghafla takataka tupu, namba kubwa zisizo na maana, mpaka laini ikatike na kuunganishwa upya. Na kila mara programu ikishindwa kutafsiri, haikupiga kelele. Iliutupa ujumbe kimyakimya na kurudisha jibu: *imepokea*.

Aliutafuta mstari wa programu uliofanya hivyo. Gasto ndiye aliyeuweka mwaka mmoja nyuma, na pembeni alikuwa ameandika sababu: wateja wanaogopa maandishi mekundu ya kosa.

Bado hakujua uchafu unaanzia wapi. Siku mbili alipanga takataka hizo pamoja na ujumbe uliozitangulia. Mara zote ule uliotangulia ulikuwa wa mtu mwenye *ng'* katika jina. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia huko na ng'ombe wao: Ng'wandu, Ng'wigulu. Akampigia Jenipher, karani wa Manyoni.

"Majina unaandikaje siku hizi?"

"Naandika kwanza kwenye programu ya barua, dada, maana umeme unakatika. Ukirudi nanakili nabandika."

Ndipo alipoelewa. Ile programu ya barua hubadilisha alama ya *ng'* iliyonyooka na kuweka iliyopinda. Kwa macho ni alama ileile. Kwa kompyuta, iliyonyooka huchukua baiti moja na iliyopinda huchukua tatu. Programu ya Gasto, ikituma, ilihesabu herufi. Ikipokea, ilihesabu baiti. Kwa hiyo jina la Ng'wandu lilipofika, mpokeaji alikata mapema na kuacha baiti mbili nje. Hizo mbili akazidhania mwanzo wa ujumbe unaofuata, na kila kilichokuja nyuma kikasomeka ovyo, kikatupwa.

Eliana alifungua orodha ya ujumbe uliotumwa mwezi wa tatu. Siku ile ya kuandikwa onyo la Selina, saa tano na dakika kumi, Manyoni walituma taarifa ya Ng'wandu, mtoto wa miaka mitatu, kikohozi. Nyuma yake, kwenye foleni, alikuwa Selina.

Alichapa kurasa hizo. Akazipeleka kwa Gasto.

Gasto alisoma yote bila kuketi. "Umefanya kazi nzuri," alisema. "Rekebisha leo hii. Wapokeaji na watumaji wote wahesabu baiti."

"Na mama Dorkas?"

"Nani?"

"Muuguzi wa Itigi. Tulisema taarifa ilifika. Haikufika, bosi."

"*Tulisema*?" Gasto alimrudishia kurasa. "Ile karatasi ina sahihi yangu? Wewe ulisema, wewe ukasaini. Ukitaka kujifunga, jifunge. Ila usinivute mimi."

Alirekebisha. Kazi yenyewe ilikuwa mistari minne. Kesho yake alipofika ofisini, orodha zote za zamani zilikuwa zimefutwa katika zahanati zote tatu. Gasto alisema alikuwa anaongeza nafasi.

Eliana alikuwa amebaki na kurasa zake. Akaomba kumwona tajiri, akapewa nafasi wiki iliyofuata. Tajiri aliita wenzake wawili na Gasto. Alizipanga karatasi mbili mezani, ile ya mwezi wa tatu na mpya aliyoiandika Eliana kueleza kosa.

"Hii sahihi yako?"

"Ndiyo, mzee."

"Na hii?"

"Ndiyo."

"Hapa unasema ilifika. Hapa unasema haikufika. Tuamini ipi?"

Alijaribu kueleza habari za alama iliyopinda. Mmoja wao aliangalia saa. Gasto alisema kwa upole kwamba dada amechoka, na orodha zenyewe hazipo za kulinganisha. Mchana huo Eliana alikabidhi funguo za ofisi.

Alipanda basi hadi Itigi. Alimkuta mama Dorkas akiuza vitunguu karibu na stesheni, amekaa juu ya ndoo, na kanga yake imefungwa kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kilo ngapi?"

Eliana akajitaja. Akasema yote, pale pale, amechuchumaa mbele ya vitunguu.

"Kwa hiyo ulisaini bila kuangalia."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Na mimi nilifukuzwa kwa kutoangalia." Akawanyoshea kidole wachuuzi wa pembeni. "Simama. Sema kwa sauti. Hawa wote waliniona natemewa mate."

Eliana akasimama, akasema. Wachuuzi waliacha biashara wakasikiliza. Alipofika kwenye herufi na baiti, wakaanza kutazamana. Mwanamke mmoja mwenye karanga akacheka. "Dorkas, huyu umempa nini aje kukusafisha?" Wengine nao wakacheka.

Mama Dorkas hakucheka. Alichukua zile kurasa, akazikunja, akaziweka chini ya kitako chake, juu ya ndoo.

"Nenda," alisema. "Umezidi kuniharibia."

Alikwenda pia Manyoni kwa Ezekieli. Ezekieli alimsikiliza mlangoni, akauliza swali moja tu: mtoto yule wa kikohozi, alipona? Eliana hakujua. Ezekieli akafunga mlango.

Leseni ya mama Dorkas haikurudi. Miaka miwili baadaye kampuni ya Gasto ilipata zahanati nyingine sita, Dodoma na Tabora, na programu yake haikupoteza tena jina la mtu. Eliana anafundisha watoto kuchapa, kwenye chumba cha kukodi Mandewa. Kila mwaka, mwezi wa tatu, huandika barua kwa baraza la wauguzi. Amekwisha kuandika kumi na moja. Hajajibiwa hata moja.