Pilipili ya Mfukoni mwa Baba

Mfuko wa shati la Baba ulinukia dizeli, vumbi la mahindi na pilipili mbuzi. Alikuwa dereva wa Fuso, akibeba mahindi kutoka soko la Kibaigwa kwenda Dar es Salaam, na hakuanza safari bila pilipili moja mfukoni, imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Alidai chakula cha njiani hakina ladha. Aliporudi, Mama aliugeuza mfuko nje kabla ya kulilowesha shati, kwa sababu mbegu moja iliyosahaulika ilitosha kumchoma vidole siku nzima. Kazi ya kulipokea shati mlangoni ilikuwa yangu. Nilitia pua mfukoni, nikapiga chafya, nikatia tena. Nilikuwa mtoto pekee, na harufu ile niliihesabu kuwa mali yangu.

Kisha Tumaini akaja. Alikuwa binti wa shangazi yangu, dada yake Baba, aliyeolewa Njombe na kufia huko. Tulikuwa rika moja. Alishuka kwenye basi akiwa amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, akamwamkia Baba kwa sauti ndogo, "Shikamoo, mjomba," na Baba akaitikia huku akigeukia pembeni. Tangu siku ile nikawa mpelelezi ndani ya nyumba yetu. Niliona nani alipewa paja la kuku, nani aliulizwa habari za shule kwanza, jina la nani liliitwa Fuso likiingia uani. Shati sasa lilipokelewa na aliyewahi mlangoni, na Tumaini alikuwa na miguu mirefu.

Mvua zilipokaribia kuisha, Baba alipasua pilipili yake akatugawia mbegu. "Itakayotangulia kuiva ndiyo nitakayosafiri nayo," alisema. Pengine alitaka tu tupate mchezo wa kucheza pamoja. Mimi nilisikia shindano la kuamua binti yake ni nani. Nikawahi udongo mzuri kando ya zizi la mbuzi, mahali palipopigwa na jua tangu asubuhi. Tumaini akaambulia kopo la rangi lililotobolewa chini.

Tulikaa Chimwaga, nje ya mji wa Dodoma, wakati ambao majengo ya chuo kikuu hayajajaza vilima. Palikuwa wazi, na ilipofika Juni upepo ulitufikia bila kuzuiwa na kitu. Wageni hudhani Dodoma ni jua tupu, mpaka kipupwe kiwapasue midomo. Mche wangu, uliokuwa umeupita wake kwa kimo, ukadumaa. Ulitoa maua, maua yakadondoka. Nami nikazidisha bidii. Kila jioni, jua likizama, niliumwagia kikombe cha maji ya pipa, yaliyokuwa baridi ya kuuma meno. Ndivyo tulivyolelewa wote pale: maji ni ya shida, na anayemwagilia mchana amelinywesha jua. Tumaini alitega maji juani kwenye beseni jeusi mpaka yakawa vuguvugu, akamwagilia jua likiwa limepanda. Jioni alilibeba kopo lake hadi jikoni, akaliweka nyuma ya mafiga, penye ukuta uliohifadhi joto la moto.

"Mama, anapoteza maji!" nilishtaki.

"Tumaini, mwanangu, ya kunywa yenyewe hayatoshi, wewe unayaotesha jua?"

"Mama alikuwa anafanya hivi kule Njombe," alijibu, na mama yangu akaendelea kusonga ugali. Kisha Tumaini akanigeukia. "Na wewe Nyemo, baridi yote hii unaiogesha pilipili yako jioni. Wewe ungekubali?"

"Yangu haideki kama yako."

"Haya. Ngoja uisikie ikipiga chafya."

Mama alicheka mpaka akaweka chini mwiko. Mimi sikucheka.

Pilipili ya Tumaini iliiva asubuhi ambayo Baba alikuwa akiondoka. Aliichuma na kikonyo chake, akaifunga kwenye gazeti, akaenda nayo hadi dirisha la Fuso. Mimi nilisimama kando ya mche wangu wenye majani yaliyojikunja. "Safari njema, Baba," alisema. Hakusema mjomba. Nilisubiri Baba amsahihishe. Aliitia pilipili mfukoni, akaupapasa mfuko, akasema, "Asante, mwanangu." Gari lilipoondoka nililia, na Mama alipouliza, nikasingizia vumbi.

Nikisimulia haya, watu hunikumbusha kwamba yule alikuwa yatima. Najua. Nilijua hata siku ile. Kujua hakukunisaidia, kwa sababu ukishindwa na mtu anayestahili kuhurumiwa, huna hata wa kumlaumu.

Sasa nakaa Area D, Dodoma mjini, na Baba yuko kwangu. Fuso liliuzwa zamani, macho yake yamechoka, na safari zake huishia kanisani. Barazani nimepanga ndoo za pilipili mbuzi. Kipupwe kikiingia namwagilia jua likiwa limepanda, kwa maji yaliyokaa juani, na jioni naziingiza jikoni moja moja. Zinaiva wakati miche ya majirani imedumaa. Baba huzila mezani, hufuta jasho, husema, "Hii ndiyo yenyewe," nami hujiona nimefika. Tumaini alirudi Njombe, ni mwalimu huko, na kila kipupwe humtumia Baba kifurushi cha pilipili kwa basi.

Juzi nilichukua shati la Baba kulifua. Niliugeuza mfuko nje, kama Mama, kikaanguka kipande cha gazeti. Ndani yake mlikuwa na pilipili ya Njombe, ndogo kuliko zangu zote. Niliipeleka jikoni, nikaitumbukiza kwenye mboga. Shati lilipokauka, nilichuma kubwa kuliko zote barazani, nikaifunga vizuri, nikaitia mfukoni.

Jumapili Baba alilivaa. Aliupapasa mfuko, akanusa vidole vyake.

"Nyemo," aliita, "ile ya Tumaini iko wapi?"