Naweza, Hata Leo

Siku Philister alipopewa kazi ya mkubwa wake, huyo mkubwa mwenyewe ndiye aliyeleta keki.

Ndiyo, umesoma vizuri. Mtu ameondolewa kwa kiti, halafu anafika asubuhi amebeba keki ya kumpongeza yule aliyekalia hicho kiti.

Akaikata kwa mkono wake. Kipande cha kwanza akampa Philister.

"Kula, mwanangu. Umeifanyia kazi."

Philister akakitia mdomoni. Akakimbia chooni, akafungulia mfereji ili watu wasisikie, akalia.

Kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo, kwa akili yake, ni yeye tu aliyelijua hapo kazini.

Hii nimeipata kwa mwenyewe, na ameniruhusu niiandike. Twende pole pole.

Philister ni wa Webuye, lakini anaishi Ngara. Kazi yake ni kutengeneza miguu bandia. Kliniki yao iko Spring Valley, nyumba kuukuu yenye ua mkubwa, ukipita nje utadhani hapo anaishi balozi.

Aliyemfundisha kazi ni Gomezgani Nyirenda, Mmalawi. Huyu jamaa alikuja Nairobi wakati pale kliniki hakukuwa na mtu wa kuishika hiyo kazi. Kila mtu alimwita Mwalimu.

Na alikuwa mwalimu kweli. Alimfunga Philister kitambaa usoni, akamwambia apapase kigutu cha mgonjwa mpaka aseme ni wapi panauma.

"Macho yanadanganya," alikuwa akisema. "Uliza kidole."

Ukiharibu plasta ya kupimia mguu hakufokei. Anaibomoa, anakupa nyingine, anaketi hapo kando akinywa chai yake.

Lakini wateja ni wateja. Mtu anaingia, anamwona Philister amevaa aproni, anaanza kuangaza macho huku na huku.

"Mwenyewe yuko?"

"Hata mimi naweza kukupima."

"Hapana, siste. Wacha tu ningoje mwenyewe."

Hilo neno "mwenyewe" lilikuwa linamchoma. Alikuwa anacheka tu, anasema sawa, lakini lilikuwa linaingia na kukaa.

Sasa, Mwalimu alikuwa mgeni, na mgeni hafanyi kazi hapa bila kibali. Kibali kikiisha unaomba kingine. Ukisikia hivyo utadhani ni kama kununua mkate.

Thubutu!

Cheti cha polisi cha mwenendo mwema kinachelewa, na kikitoka, kile cha kodi kimepitwa na wakati. Picha zinarudishwa, ukuta wa nyuma si mweupe wa kutosha. Leo sistimu inakufungulia, kesho inakukana kama Petro. Unaambiwa uje na nakala, ukija na nakala wanataka ile halisi.

Kila ikifika wakati huo, Mwalimu alikuwa anatembea mjini na bahasha kwapani kama mtu anayetafuta kazi, na kazi anayo.

Na hakuwa peke yake. Mkewe Towera na binti yao Wezi walikuwa wanakaa Kenya kwa kibali hicho hicho. Kikianguka, wameanguka wote. Na mwaka huo Wezi alikuwa kidato cha nne, mtihani wa mwisho uko mbele yake.

Kuna sharti lingine. Mwajiri anatakiwa aonyeshe kuna Mkenya anayefundishwa ili siku moja aichukue hiyo kazi. Huyo Mkenya alikuwa ni Philister.

Safari hiyo watu wa uhamiaji wakasema karatasi hazitoshi. Wanataka kuwaona watu wenyewe, mmoja mmoja.

Jumapili moja baada ya kanisa, Philister akaalikwa kwa Mwalimu, mtaa wa Jamhuri. Towera alikuwa amepika nsima, ambayo ni ugali wetu tu, lakini usithubutu kusema hivyo mbele yake.

Wakala. Wezi akaondoa sahani, akarudi kwa vitabu vyake. Mwalimu akakohoa.

"Philister, nina ombi. Ni ombi baya."

"Sema tu, Mwalimu."

"Wakikuuliza kama unaweza kuchukua kazi yangu, waambie bado. Sema unahitaji muda kidogo. Mtoto amalize mtihani, basi. Baada ya hapo hata nikifukuzwa nitaenda nikiimba."

 Towera alimshika Philister mikono yote miwili, akaiminya.

"Hiyo si kitu," Philister akasema. "Nyinyi ni watu wangu."

Na alimaanisha. Hilo ujue.

Siku yake ilipofika, akapanda hadi ofisi yao mjini. Akangoja na Wahindi, Wachina, Waganda na mzungu mmoja aliyekuwa amelala wima kama farasi. Jina lake likaitwa.

Ndani kulikuwa na mama mmoja mpole, miwani inaning'inia kifuani. Akamwuliza kuhusu kazi. Akamwuliza alisomea wapi. Halafu akamtazama.

"Huyu bwana amekufundisha tangu umalize chuo?"

"Ndiyo, madam."

"Na mpaka leo hujaweza?"

Huyo mama hakuuliza kwa ubaya. Alitaka jibu tu, aandike, aite mwingine.

Lakini Philister alisikia "mwenyewe yuko?" zote alizowahi kuulizwa, zikimpigia kelele kwa wakati mmoja. Akajiona mjinga, mtu mzima anayefundishwa bila kufuzu. Damu ikampanda.

"Naweza," akasema. "Hata leo akiondoka, kazi haiwezi kusimama."

Mama akaandika. "Asante. Ni hayo tu."

Ni hayo tu!

Akashuka hadi chini barabarani. Angeweza kurudi juu. Aliniambia alisimama pale mlangoni watu wakimpiga vikumbo, akijiambia arudi, arudi. Hakurudi.

Simu ikalia. Mwalimu.

"Imeendaje, mwanangu?"

"Imeenda poa, Mwalimu. Nimesema vile tulikubaliana."



"Mungu akubariki," Mwalimu akasema. Sauti yake ilikuwa nzito. Philister akadhani ni furaha.

Jibu lilipokuja, kibali kilikuwa kimekataliwa. Sababu: yupo Mkenya aliye tayari.

Ndegwa, mwenye kliniki, akawaita wote wawili ofisini kwake. Mwalimu alikuwa amekaa na mikono katikati ya mapaja, kama mwanafunzi aliyetumwa kumleta mzazi.

"Tunaweza kukata rufaa," Ndegwa akasema. "Lakini tutasema nini? Kwamba Philister hajui kazi? Philister, wewe hujui kazi?"

Hapo ndipo Philister angeungama. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameangalia sakafu.

"Najua," Philister akasema, kwa sauti ya chini.

"Basi. Tutamwomba Mwalimu akuachie kazi vizuri."

Na ndipo ile keki ikaja.

Zile wiki za kukabidhiana zilimmaliza. Mwalimu alimwonyesha kila kitu, hata vile vitu vidogo ambavyo fundi huweka siri yake. Philister akawa halali vizuri. Akawa anapima kitu kimoja mara mbili mbili. Siku moja akaja mteja mpya, akachungulia kama kawaida yao.

"Mwenyewe yuko?"

"Mwenyewe ni huyu," Ndegwa akasema, akimwonyesha Philister.

Miaka yote alikuwa akiyangojea maneno hayo. Yalipokuja, aliinama akajifanya anatafuta tepu ya kupimia.

Jumamosi hiyo akaenda Jamhuri. Towera alifungua mlango, akamtazama, akaondoka bila kusema karibu. Sebuleni kulikuwa na masanduku. Wezi alikuwa amekaa juu ya moja, ameinamia kitabu cha kemia kana kwamba nyumba haihami.

Mwalimu akatoka naye hadi getini.

Philister hakuzunguka. "Mwalimu, nilikudanganya. Niliwaambia naweza. Niliwaambia hata leo. Halafu nikakwambia imeenda poa. Ni mimi nimewafukuza."

 Mwalimu akaweka mkono kwa geti, akainamisha kichwa. Philister akajua sasa anatukanwa, na akaona afadhali.

"Ulisema hivyo kweli?"

"Nilisema."

"Basi tulisema wawili."

Philister akamtazama, haelewi.

"Mimi waliniita siku moja kabla yako," Mwalimu akasema. "Nilienda na uongo wangu nimeupanga kutoka nyumbani. Yule mama akaniuliza, huyu msichana amefika? Nikafungua mdomo niseme bado. Mdomo ukakataa. Ningekuitaje mtu bure, na mimi ndiye nimekulea kwa hiyo kazi? Nikamwambia, huyu yuko tayari tangu zamani. Mikono yake imeshapita yangu."

Philister alishika ukuta.

"Sasa kesho yake ukaniambia umesema vile tulikubaliana. Nikajua umetia nafsi yako kwa uongo kwa ajili yangu, na mimi nimeshaumwaga huo uongo wako chini. Nikaona aibu kukwambia. Ile keki haikuwa ya kukupongeza. Nilikuwa nakuomba msamaha."

Walikaa hapo getini kama watu wawili waliogongana gizani.

"Mama Wezi anajua?" Philister akauliza.

Mwalimu akatikisa kichwa polepole. "Anadhani ni wewe peke yako. Aliposikia ile sababu alisema ni wewe, na mimi nikanyamaza. Hiyo ndiyo inaniua."

Ungedhani Philister angejisikia mwepesi. Hapana. Aliniambia alishukia mjini, akarudi Ngara kwa miguu akiwa mzito kuliko alivyokuja. Mwalimu alisema lile neno kwa kumpenda yeye. Yeye alilisema kwa kujipenda. Neno ni lile lile moja, lakini alijua lilimgharimu nani.

Jumatatu akaingia kwa Ndegwa kabla hajavua koti.

"Boss, mtoto wa Mwalimu lazima amalize mtihani hapa. Kuna pasi ya mwanafunzi. Inataka mtu wa kusimama naye. Nitasimama mimi, atakaa kwangu. Lakini nataka kliniki iniandikie barua na uipigie simu shule yake leo."

"Na nikikataa?"

"Basi utafute mwenyewe mwingine."

Ndegwa akachukua simu.

Ndiyo hivyo Philister akarudi kwenye foleni ile ile, safari hii bahasha iko kwapani pake. Akarudishwa na picha. Akaambiwa sistimu iko chini. Akaambiwa alete barua ya wazazi iliyopigwa muhuri wa wakili, akaileta, akaambiwa muhuri hausomeki. Akapanga laini tena. Hakulalamika hata siku moja. Wengine wakipiga kelele kwa dirisha, yeye alikuwa kimya, kama mtu anayetumikia kifungo na anajua alichofanya.

Pasi ikatoka.

Siku Mwalimu na mkewe walipoondoka, basi la kwenda kusini lilikuwa linanguruma tayari. Mwalimu alimkumbatia Philister. Akapanda.

Towera akabaki chini. Philister akajikaza.

"Mume wangu ameniambia yote," Towera akasema. "Yake na yako. Nimewakasirikia wote wawili, na bado sijamaliza."

"Ni haki yako, mama."

"Wezi hanywi maziwa, yanamsokota tumbo. Akiwa na mtihani hasemi na mtu, usidhani amekasirika. Nywele asuke kila wiki mbili."

"Nimesikia."

Towera akamtazama muda mrefu. Halafu akamshika mikono yote miwili, akaiminya mpaka ikauma.

"Usiniambie imeenda poa kama haijaenda poa."

Akapanda basi.

Sasa wewe unayesoma hii kwa simu yako, sikwambii ungemjibu yule mama wa ofisini vipi. Sijui. Hata Philister mpaka leo hajui, na anasema kweli aliyoisema haikuwahi kumnyima usingizi. Kilichomnyima usingizi ni ile simu ya barabarani, yale maneno mawili ya kumtuliza mtu aliyekuwa anamwamini.

Ukimuumiza mtu wako, aisikie kutoka kwako, siku hiyo hiyo, kabla hajakushukuru.