Neno la tatu lililomkwamisha msuka mikeka wa Chuno

Jua la Chuno, mtaa wa mjini Mtwara, halijachomoza sawasawa, na Bi Somoe Abdallah keshakaa barazani, miguu ameinyoosha, ukili wa mkeka umelala mapajani. Vidole vinakwenda vyenyewe. Macho yako kwingine, kwenye nyumba ya pili upande wa kushoto, ambako mlango bado umefungwa.

"Leo hajafagia," anasema. "Mama Elia kwa kawaida anafagia kabla ya jogoo wa mtu yeyote kuwika."

Pembeni yake vimekunjwa vipande viwili vya ukili vilivyokwisha. Cha kwanza kimesukwa neno MTWARA kwa rangi ya zambarau, cha pili kimesukwa HAKUNA kwa nyekundu. Cha tatu kingetakiwa kuwa na neno MGENI, lakini ukindu wake wa kijani, majani ya kusukia, umekaa ndani ya beseni tangu juma lililopita na umeanza kunuka.

Mkeka huu si wa kuuza sokoni. Utatundikwa kwenye banda la mkoa katika maonyesho ya Saba Saba mwaka huu wa 1973, ili watu wa mikoa mingine wasome mji wa Mtwara unajisema vipi.

Kusuka maandishi si mchezo. Herufi haipakwi juu ya mkeka. Inasukwa ndani yake, jani la rangi likiingia na kutoka katikati ya majani meupe. Ukikosea, unafumua. Mkeka wa kawaida Bi Somoe huuza shilingi kumi na tano na kuumaliza kwa wiki tatu akiwa hana mgonjwa nyumbani. Wa maandishi hauna bei, kwa sababu anayeuweza hapa Chuno ni yeye peke yake, na kusoma kwenyewe amekujifunza juzijuzi, katika darasa la jioni la watu wazima.

"Zamani nilikuwa nasuka maua," anasema. "Nilipojua herufi nikaona, kumbe hata hizi ni maua tu, ila yana maneno."

Maneno ya mkeka yalichaguliwa na akina mama wa mtaa, na hayakuchaguliwa kwa amani. Wapo waliotaka "Mtwara, Mji wa Korosho". Mama mmoja mwenye asili ya Nanyamba akawaruka: korosho wanalima wao huko bara, watu wa mjini kazi yao ni kuzitafuna. Wengine wakaleta "Mtwara, Lango la Kusini". Hilo liliwapendeza wengi, mpaka Bi Somoe alipouliza swali lake.

"Niliwaambia, lango ni pa kupita. Nani anaishi langoni? Sisi hapa tumezika, tumezaa. Mji huu ulianza na watu waliokuja kufuata karanga za Mzungu. Karanga zikashindikana, reli ikang'olewa, watu wakabaki. Mmakonde yupo, Mmakua yupo, Myao yupo, wa Songea yupo. Basi tuseme hivyo. Tuseme hapa hakuna mgeni."

Wakapiga vigelegele, na kazi ya kusuka akapewa mwenye maneno.

Kilichomkwamisha kilikuja kwa miguu kutoka nyumba ya pili. Mama Elia, jina lake hasa Helena, ni mjane wa dereva wa kreni bandarini, marehemu Mathayo. Walihamia Chuno kutoka Songea mwaka 1964. Mume alifariki miaka saba baadaye, mama akabaki na mihogo yake nyuma ya nyumba. Ni mtu wa kanisa na wa kicheko, na ndiye rafiki mkubwa wa Bi Somoe.

Siku moja alipita barazani, akasoma vipande viwili, akauliza cha tatu kitasema nini. Akaambiwa.

"Mtwara hakuna mgeni," akarudia. "Mbona mimi nipo?"

Alisema akicheka, akaenda zake. Siku ya pili yake, Bi Somoe akasikia bombani kwamba Elia, mtoto wa Helena ambaye ni mwalimu Songea, anamwita mama yake akaishi naye, na mama amekubali. Mwisho wa mwezi anahama.

"Nilimfuata nikamuuliza, tumekukosea nini?" anasimulia Bi Somoe, na hapo ukili unateleza mkononi. "Akanijibu, hamjanikosea. Nikalia. Ningefurahi kama angenitukana."

Mwandishi wa habari hii alipomkuta Helena akipanga vyombo ndani ya sanduku la mbao, mama huyo alilieleza jambo lake bila kinyongo.

"Hawajanifanyia ubaya hata siku moja, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Kila penye msiba nikifika na ndoo yangu, naambiwa, wewe mgeni wetu, kaa. Natandikiwa mkeka. Naletewa sahani ya kwanza. Miaka tisa! Mama yake Somoe amefariki mwezi uliopita, yule bibi alikuwa akinisukia nywele. Nikajifunga kanga kiunoni nikateke maji. Somoe mwenyewe akanishika mkono akaniketisha. Wenzangu wote wanakuna nazi wanamlilia, mimi nimekaa kama bibi harusi."

Ni mila ya pwani hii, na ni mila nzuri: mgeni hashiki mwiko. Msibani mwenye nyumba hulia na jamaa zake hutumika, na kila mtu hujijua ni nani kwa kazi aliyopewa. Anayechambua mchele ni jamaa. Anayeletewa chakula ni mtu wa nje, hata akiletewa kwa mikono miwili. Waswahili wamesema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Chuno ilisahau ile siku ya tatu.

"Nilidhani namheshimu," anasema Bi Somoe. "Kumbe namfukuza polepole."

Basi akaamua. Khitma ya arobaini ya mama yake, Bi Sharifa, ilikuwa Ijumaa. Alhamisi jioni akabisha hodi kwa Helena na kumwambia aje mapema, kuna sufuria la wali linamngoja. Hakumbembeleza. Alisema, akageuka, akaondoka, kwa kuhofia asije akaona jibu usoni mwake.

Vita ilimngoja nyumbani. Wifi yake, Bi Zuhura, ndiye mkuu wa jiko katika ukoo, na hakuna mchele unaochemka bila idhini yake.

"Mkristo apike khitma ya marehemu mama?" akauliza Bi Zuhura.

"Mbuzi kachinja Hassani mume wangu, na bismillahi ameisoma mbele yako. Wali una dini gani?"

"Watu watasema."

"Watu wamekuja kumsomea mama dua. Wakiacha dua wakachunguza mwiko, hiyo shida yao."

Bi Zuhura akakaza kanga yake. "Haya. Lakini nitamsimamia mimi mwenyewe."

Ijumaa Helena alifika, kanga kiunoni, macho yamemvimba kidogo kwa kukosa usingizi. Akapewa sufuria kubwa kuliko yote, akaambiwa Bi Zuhura atamsimamia. Alikuna nazi, akachambua mchele, akachota maji, hakukaa hata mara moja. Bi Somoe alikuwa akimchungulia kutoka ndani kila baada ya muda.

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wali wa huku, maji yakikauka, unaondoa kuni chini na kupalia makaa juu ya mfuniko. Helena alipalia makaa juu, tena mengi, lakini kuni za chini akaziacha ziwake. Kwao Songea yeye ni fundi wa ugali. Bi Zuhura, aliyeahidi kusimamia, alikuwa amejisahau akimsema mtu mwingine upande wa pili wa ua.

Harufu ikafika barazani kwa wasomaji wa khitma kabla ya wali wenyewe.

Bi Zuhura akaja mbio, akafunua mfuniko, akashika kiuno.

"Mama Elia! Nani kakufundisha kupalia na kuni ziko chini? Ukoko mtupu! Umeniaibisha mbele ya masheikh, mtu mzima hovyo!"

Bi Somoe alitoka ndani akiwa peku, akijua kila kitu kimekwisha. Helena alikuwa amesimama na mwiko mkononi, machozi yanamtoka, haijulikani ni ya moshi au ya nini.

"Si ulisema utanisimamia?" Helena akamjibu Bi Zuhura kwa sauti ileile. "Ulikuwa wapi? Umbea utakuua, mama!"

Bi Zuhura akaangua kicheko, na ua mzima ukacheka, wafiwa kwa watumishi, mpaka Hassani akatuma mtu aulize huko nyuma kuna arobaini au kuna harusi. Wali uliokolewa sehemu ya juu. Wasomaji walikula na kumshukuru Mungu.

Jumatatu Bi Somoe alitupa ukindu ulionuka, akachemsha rangi upya. Neno la tatu lilimchukua siku nne. Sasa anashona vipande kuwa kitu kimoja, na anasema mkeka ukienda kwenye maonyesho anataka Helena auchukue yeye, aufungue kwa mkono wake na kuutundika. Baada ya hapo ana mpango wa kuwafundisha akina mama watano kusuka herufi, ili kazi isife naye.

Helena ameshamjibu Elia. Sanduku la mbao limerudishwa uvunguni. Alipoulizwa kilichombadili nia, alifuta mikono kwenye kanga na kuangalia upande wa nyumba ya Bi Zuhura.

"Nitaondokaje na wali nimeuunguza?" alisema. "Watanisema mpaka nizeeke. Na mimi nataka niwepo wakinisema."